Hamsini na Saba: Kutoka Chimala hadi Isyonje kwa Gia Ndogo

Alhamisi, Makambako hadi Chimala

Tulipanga kukutana Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapochepuka kutoka barabara kuu ya Zambia. Waliotoka Dar walikuwa wamelala Iringa, wa Iringa walikuwa wamelala majumbani kwao, na bado wa Iringa ndio waliochelewa. Wakati tunawasubiri, Mwalimu alishaonja ulanzi, akausifia, kisha akamkabidhi Kijana ufunguo wa gari.

Magari yalikuwa matatu. La kwanza ni Land Cruiser mkonga la Fundi, bodi imechoka lakini injini haihitaji kubembelezwa asubuhi. La pili ni jeupe la Mwalimu, mstaafu wa jiografia na mkubwa wetu kiumri. Hilo limefungwa kila kinachouzwa: winchi ya kujivutia mbele, taa juu ya paa, kompresa ya upepo, mbao za plastiki za kujinasulia, hadi friji. La tatu ni Suzuki fupi ya milango mitatu ya Dada, muuguzi, ambayo ukiiegesha kando ya hayo mawili unaionea huruma. Mimi sina gari la milimani. Kazi yangu ni kukaa kiti cha mbele cha Suzuki, kushuka kuelekeza pale dereva asipoona, na kuchangia mafuta. Kijana ni mtoto wa kaka yake Fundi, anamwita baba mdogo, na alikuja kujifunza.

Wengi wanaokwenda Kitulo, hifadhi ya taifa ya maua iliyo juu mlimani, hupandia Isyonje, upande wa barabara ya Mbeya na Tukuyu. Sisi tulitaka kupandia Chimala na kushukia Isyonje, tuuvuke mlima wote. Njia ya Chimala kwenda Matamba inajulikana kwa jina moja tu, Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona zake. Ukiwaambia watu wa huko unapanda Hamsini na Saba, hakuna atakayekuuliza hamsini na saba ya nini.

Kutoka Makambako barabara inateremka kuelekea Usangu, hewa inapata joto, miti ya misindano inaisha na mashamba ya mpunga yanaanza. Mkono wa kushoto milima ya Kipengere inasimama wima, imefungwa na mawingu kichwani. Mwalimu kwenye redio ya mkononi hakuweza kujizuia. Alitueleza kwamba vijito vyote tunavyovuka vinatoka kule juu, vinaingia bonde la Usangu, vinakuwa Ruaha Mkuu, vinapita Mtera na Kidatu vikizungusha mitambo ya umeme, kisha vinaishia Rufiji. "Kwa hiyo mkiwasha taa Dar," akasema, "mnawasha huu mlima." Dada akamjibu kwamba umeme wa kwake ulikatika tangu juzi, labda mlima umelala.

Chimala ni mji wa barabarani, maroli na mchele. Tulipata gesti yenye uwanja wa kuegesha, tukala wali ambao hauhitaji mboga, na Fundi akaanza kazi yake ya jioni: tochi mdomoni, chali chini ya kila gari. Alikagua mabomba ya breki, akashikashika propela, akatikisa magurudumu kusikiliza kama beringi zimelegea. Kwenye gari la Mwalimu alikaa chini muda mrefu kuliko tulivyopenda.

"Mwalimu, hizi pedi za breki umefunga lini?"

"Mwezi uliopita. Gereji kubwa tu, mjini."

Fundi hakuuliza gereji gani. Alisema pedi ni mpya kweli, lakini si za gari hilo; ni za bei rahisi, zitapata moto haraka. Kupanda zitapanda. Kushuka tutaongea.

Jirani yetu pale uwanjani alikuwa dereva wa Fuso anayeshusha viazi kutoka Matamba, mzee wa makamo, amevaa koti zito katika joto lile la Chimala. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akatazama magari yetu moja moja bila haraka. Ushauri wake ulikuwa mfupi. Msipande kabla ukungu haujanyanyuka. Mvua ikinyesha usiku, subirini jua liguse njia kwanza. Pigeni honi kila kona, hata ile mnayoona mbele. Na mkisikia honi ya roli juu yenu, tafuteni upana mapema, msisubiri kuliona. Kisha akaizunguka Suzuki na kusema, "Haka ndiko kagari ka mlima." Dada alilala na furaha.

Ijumaa, Chimala hadi Matamba

Mvua haikunyesha usiku. Saa mbili na nusu asubuhi ukungu ulikuwa umepanda hadi nusu ya mlima na tukaanza kutoa upepo kwenye matairi. Watu wengi hawapendi hili, wanaona kama wanaharibu tairi, lakini kwenye mawe ndiyo siri ya kwanza. Tairi lenye upepo wa psi 35 linaruka juu ya kila jiwe na kukutingisha hadi meno; ukilishusha hadi 25 hivi linajilaza, linalishika jiwe badala ya kuligonga. Sharti ni kwenda polepole, na ukirudi lami ujaze tena kabla ya kukimbia.

Fundi alitangulia, Mwalimu katikati, sisi nyuma. Mwanzoni ni njia ya kawaida ya udongo mwekundu, mashamba ya mahindi, watoto wa shule wanapunga mikono. Halafu njia inakata kulia, inakata kushoto, na kuanzia hapo hakuna tena sehemu iliyonyooka ya kutosha kuingiza gia namba tatu. Dada aliweka foo-loo, ile gia ndogo inayoipa gari nguvu ya kutambaa, akaachia klachi, na Suzuki ikapanda yenyewe bila kukanyagwa mafuta. Hiyo ndiyo siri ya pili. Kupanda mlima wa mawe si suala la kukanyaga mafuta. Ukikanyaga, tairi linateleza, linatupa mawe, gari linahama upande, na upande mmoja wa Hamsini na Saba hauna kitu cha kukupokea.

Kijana alikuwa ameapa kuzihesabu kona zote. Alifika thelathini na kitu, akabishana na Mwalimu redioni kama kona iliyojikunja mara mbili ni moja au mbili, na hesabu ikafia hapo.

Kadiri tulivyopanda ndivyo njia ilivyofunua mifupa yake. Maji ya mvua yameisomba changarawe na kuacha miamba wazi, na kwenye kona nyingi upande wa ndani una mtaro uliochimbwa na mafuriko, wenye kina cha kumeza gurudumu. Dereva ana hiari mbili: apite juu ya mwamba akiegemea genge, au aingize gurudumu la ndani mtaroni na kuomba chasisi isikwame. Magari marefu yana shida ya tatu. Hayakati kona kwa mara moja. Lazima upande hadi pua iguse ukuta wa mlima, urudi nyuma kuelekea hewani, kisha upande tena. Hapo ndipo nilipopata kazi. Nilisimama kwenye ukingo, mikono juu, nikimwelekeza Mwalimu: "Njoo... njoo... kata kushoto yote... simama!" Jambo moja nililijifunza kwa Fundi ni kwamba anayeelekeza awe mmoja tu. Watu watatu wakipiga kelele pamoja, dereva anamsikiliza aliyekosea.

Ilikuwa kwenye kipande chembamba kuliko vyote, ukuta kulia na korongo kushoto, tuliposikia honi juu yetu. Si honi fupi ya kujulisha. Ilikuwa ndefu, ya mtu ambaye hataki majadiliano. Fundi na Mwalimu walikuwa wameshapita mbele na kupata sehemu pana. Sisi hatukuwa nayo. Likatokeza Fuso lililojaa viazi, magunia ya lumbesa yaliyoshonewa vilemba vya kamba juu, limeinama kwenye kona utadhani linataka kusoma kitu chini.

Sheria ya milima tunaijua sote: anayepanda ana haki, anayeshuka ampishe. Lakini roli lenye tani za viazi na breki zinazonuka haliwezi kurudi nyuma mlimani, sheria iseme itakavyo. Mwenye uwezo wa kupisha ndiye anayepisha. Dada hakusubiri kuambiwa. Aliweka rivasi, nikashuka mbio nyuma, akarudi kona nzima kwa vioo vya pembeni hadi tukapata mahali ambapo mlima umechimbwa kidogo, akaibana Suzuki hadi majani yakaingia dirishani.

Roli lilipita kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kweli mtu alikuwa anatembea nalo. Utingo, kijana mwembamba mwenye ndala na sweta la shule, alikuwa nyuma ya gurudumu la nyuma amebeba kipande cha gogo la mlingoti, yaani mkaratusi. Kila roli liliposimama, hata kwa sekunde mbili, gogo liliingia chini ya tairi kabla gurudumu halijatulia. Liliponguruma tena, akalivuta kwa kamba iliyopigiliwa ubavuni, akalibeba, akaendelea. Nililitazama kwa karibu roli liliposimama usawa wetu. Upande mmoja limechongwa mshazari ufuate mviringo wa tairi, na upande huo umekuwa mweusi, unang'aa kwa mpira uliousugua miaka. Upande wa chini una misumari mitatu imekatwa vichwa ili ling'ate ardhi.

"Kaka, hilo zito?"

"Likiwa jepesi halina kazi, mkubwa. Hii ndiyo hendibreki yetu."

Dereva hakugeuka kutusalimu. Alinyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, wakaendelea kushuka, honi, gogo, honi, gogo. Dada alikaa kimya kidogo kisha akasema kwamba sisi tumekuja na likizo ya wiki nzima kufanya jambo ambalo yule kijana anafanya kabla ya chakula cha mchana.

Mwalimu alinasa kona kadhaa juu yake. Gari jeupe liliingia mtaroni kwa gurudumu la mbele la ndani, la nyuma la upande wa pili likanyanyuka hewani, na hapo ukikanyaga mafuta ni magurudumu hayo mawili yasiyogusa kitu ndiyo yanayozunguka. Ni tabia ya difu, ile gia ya ekseli inayogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia: nguvu hukimbilia palipo rahisi. Mwalimu alifurahi mno. Hatimaye winchi ingepata kazi. Alishaanza kufungua kamba yake pale Fundi alipofika kwa miguu, akachuchumaa, akatazama chini, akasema, "Leteni mawe."

"Winchi ipo, Fundi."

"Winchi utaifunga wapi? Mti wa karibu uko kilomita moja chini, na uko hewani."

Tukajaza mtaro mawe, makubwa chini, madogo juu, tukayakanyaga. Kijana alitaka kurusha tu; baba mdogo wake akamrudisha kuyapanga, jiwe na jiwe, bapa likitazama juu. Ilichukua nusu saa na gari likatoka kwa gia namba moja kwa utulivu kana kwamba halikuwahi kukwama. Bodaboda wawili waliobeba magunia ya mkaa na abiria walitupita wakati tunapanga mawe. Wote wawili walitupa pole.

Karibu na juu tuliegesha kuacha injini zipumue. Bonde lote la Usangu lilikuwa chini yetu, majaruba ya mpunga yanamulika maji, na barabara kuu ya lami, ile iliyotuchosha jana, imebaki uzi mweusi wenye vijipunje vinavyotembea. Chimala tulikuwa na fulana. Hapa kila mtu alikuwa anatafuta sweta.

Matamba ni mji mdogo wa Makete wenye gesti za bei ya kawaida, viazi kila upande na baridi inayoingia ndani ya soksi. Mama mwenye gesti alituwekea jiko la mkaa kwenye korido bila kuombwa. Tulikula ugali na maharage, tukanywa chai, na saa mbili usiku hakuna aliyekuwa na la kusema.

Jumamosi, Kitulo

Asubuhi tulipita ofisi ya hifadhi kulipia. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina kilomita za mraba karibu 413, na ni ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Kabla ya hapo ramani za wakoloni ziliandika Uwanda wa Elton, kwa jina la konsuli Mwingereza aliyekatiza hapa mwaka 1877. Bustani ya Mungu ina haki zaidi.

Niliwahi kuona picha. Picha zinadanganya kwa kupunguza. Mwishoni mwa Februari uwanda huu, mita 2,600 juu ya bahari, umefunikwa maua hadi macho yanachoka kuchagua: manjano, zambarau, meupe, na yale marefu ya rangi ya chungwa yaliyosimama kama mienge. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea, na 45 kati yake ni okidi za ardhini. Hakuna simba wala nyati wa kukuwinda, kwa hiyo unaegesha gari na kutembea. Dada, ambaye kwa mawazo yangu alikuja kwa ajili ya kona, alipotea kwenye nyasi kwa saa nzima amepiga magoti mbele ya okidi moja yenye ukubwa wa ukucha.

Okidi hizo ndizo zilizoleta hifadhi. Viazi vyake, chikanda, husagwa na kupikwa na unga wa karanga Zambia, kikakatwa vipande na kuliwa. Ladha hiyo ilikuwa na wateja wengi kuliko Zambia ilivyoweza kulisha, biashara ikavuka mpaka na kuingia nyanda zetu za juu kusini, wachimbaji wakang'oa magunia kwa magunia. Okidi ukiing'oa kiazi umeing'oa yote. Mwalimu alisema aliwahi kula chikanda Tunduma na kilikuwa kitamu. Tukamtazama. Akasema, "Nimesema ukweli tu."

Sasa niseme juu ya tope, maana hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa magari makubwa. Njia ya uwandani ni nyeusi na laini, na mvua za Februari zimeifanya uji. Kila penye dimbwi utaona njia ya pili pembeni, ya waliolikwepa. Njia ya pili ikiharibika inazaliwa ya tatu. Baada ya misimu michache barabara ya mita tatu imekuwa uwanja wa mita ishirini wa matope, na chini ya matope hayo palikuwa na maua. Kama hutaki kupita katikati ya dimbwi, usije Kitulo masika. Njoo Septemba, barabara ni kavu, maua ni haba, gari litabaki safi.

Suzuki ilipita kila dimbwi kwa sababu ni nyepesi, ilielea. Mkonga, kwa uzito wake wote na heshima yake yote, ulizama hadi difu, ukatulia. Fundi alizima injini mara moja, na hilo nalo ni somo, kwa sababu kila mzunguko wa tairi baada ya hapo ni koleo linalochimba kaburi. Tukachukua mabeleshi, tukatoa tope mbele ya magurudumu na chini ya ekseli. Mbao za plastiki za Mwalimu zikapata siku yao, nikiri zilifanya kazi nzuri. Tukafunga kamba kwenye gari jeupe, Fundi akatundika koti zito katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini badala ya kuruka usoni kwa mtu, na akatusogeza wote pembeni mbali. Kijana alitaka kupiga video kwa karibu. Alielezwa kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa.

Mkonga ukatoka. Uchafu tuliokuwa nao haukuchagua mkubwa wala mdogo.

Chai ya mchana ilipikwa kwenye jiko la Mwalimu, na maji yalichemka upesi ajabu, lakini chai haikuiva rangi. Mwalimu alifurahi kupata darasa: kwa mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, si 100, kwa hiyo yanatoa mapovu kabla hayajawa moto wa kutosha. Ndiyo maana maharage ya Matamba yanakaa jikoni tangu alfajiri. Injini nazo zinahisi hewa hiyo nyembamba. Suzuki, isiyo na tabo ya kusukuma hewa kwenye injini, ilikuwa imepoteza kama robo ya nguvu zake, na Dada alishuka gia pale ambapo chini angepita na namba tatu.

Upande wa kusini uwanda unaishia kwenye msitu wa Livingstone, na humo anaishi kipunji, aina ya kima. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja miaka yote. Wanasayansi walidhani ni wa hadithi hadi walipomwona mwaka 2003 kwenye msitu wa Rungwe. Ilipofika 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, ya kwanza mpya kwa kima wa Afrika tangu 1923. Sisi hatukumwona. Tulisimama ukingoni mwa msitu tukasikiliza, tukasikia Fundi akipiga chafya.

Tulipita pia jirani na shamba la serikali la kuzalisha mitamba, ng'ombe weupe na weusi wakubwa wamesimama kwenye ukungu bila wasiwasi wowote. Miezi ya Juni na Julai huku sakitu inaangukia majani, na asubuhi ardhi inakuwa nyeupe. Usiku ule haikuwa sakitu, lakini nililala na koti, sweta mbili, na kofia.

Jumapili, Kitulo hadi Isyonje

Kupanda kunatisha macho. Kushuka kunatisha breki.

Fundi alikusanya madereva kabla ya kuwasha. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Injini ikushikilie, breki uiguse na kuiachia, usiilalie. Gari la Mwalimu ni la automatiki, kwa hiyo alimwonyesha kuiweka foo-loo na kuifungia kwenye gia ya chini, isijipandishie yenyewe. Mwalimu aliitikia kila neno. Kisha tulipoanza kuteremka kuelekea Kikondo, mashamba ya viazi na pareto yakifunguka pande zote, taa nyekundu za nyuma za gari jeupe ziliwaka na hazikuzima.

Dada alimwambia redioni. "Mwalimu, mguu." Taa zikazima. Baada ya kona mbili zikawaka tena. Harufu ndiyo ilitufikia kwanza, ile ya plastiki iliyoungua na chuma, kisha moshi mwembamba kutoka gurudumu la mbele. Alisimamisha gari akisema pedali imekuwa laini, inazama. Kijana alikuwa ameshakimbia na dumu la maji. Fundi alimkamata mkono.

"Diski ya moto ukiimwagia maji inapinda au inapasuka. Acha ipoe kwa upepo."

Tukakaa. Ilikuwa karibu na kijiji chenye watu wanaopasua mbao, na kama kawaida watu wakaja kutazama. Mzee mmoja alitupa pole ya kweli, akauliza tunatoka wapi, tukamwambia Chimala. "Mmepanda Hamsini na Saba na breki hizi?" Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu Makambako, hakuwa na maelezo. Badala yake alisimama, akaenda kwa wapasua mbao, akarudi na kipande cha mlingoti kilichokatwa mshazari upande mmoja, alichonunua kwa bei ambayo hakutaka kuitaja. Hakikuwa na kamba wala misumari. Fundi alikigeuza mkononi, akasema mshazari umesimama mno, tairi litakipanda, akaomba panga, akaanza kukichonga upya huku diski zikipoa.

Ilichukua zaidi ya nusu saa hadi Fundi aliposogeza kiganja karibu na gurudumu na kutikisa kichwa kwamba sasa sawa. Akachukua usukani wa gari jeupe yeye mwenyewe, Mwalimu akakaa pembeni na gogo mapajani, na Kijana akapewa mkonga, mbele ya wote, kwa gia namba moja, na onyo la kutogusa redio. Alishusha vizuri. Alishusha vizuri kuliko mimi ninavyoweza, na sitamwambia.

Chini zaidi hewa ikabadilika, ikawa na unyevu wa Rungwe, migomba ikatokeza, na tukaanza kukutana na watu wa jumapili wamevaa nguo za kanisani, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Isyonje tulifika saa tisa. Pale lami inapoanza kila mtu alisimama akashuka na kuitazama lami hiyo kwa upole.

Kompresa ya Mwalimu ilijaza matairi kumi na mawili, na hakuna aliyethubutu tena kuicheka. Baada ya hapo ugomvi wa mafuta ukaanza. Mkonga ulikunywa karibu mara mbili ya Suzuki, na Fundi alitaka tugawane sawa kwa kuwa ndio uliokuwa unatangulia. Dada alitaka kila mtu alipie tangi lake, kwa kuwa ndio aliyerudi rivasi kumpisha roli. Mwalimu akapendekeza tukate kwa idadi ya watu kwenye kila gari, mpango uliowaudhi wote wawili. Wakati wanapigia hesabu kwenye boneti nilinunua maparachichi ya Tukuyu, manne kwa bei ya moja la Dar, tukayala na chumvi hapo hapo barabarani.

Mwisho Fundi alikubali yaishe. Yeye na Kijana wakageuza kuelekea Uyole, wakimsindikiza Mwalimu polepole hadi Mbeya mjini kutafuta pedi za kweli. Mimi na Dada tulikata upande wa pili, kushuka Tukuyu na Kyela, kwa sababu alikuwa ameahidi nyumbani kurudi na gunia la mchele wa Kyela na hakukusudia kurudi bila hilo gunia.